Tiketi ya Makete

Ujumbe niliutuma mimi, kwa simu yangu mwenyewe, saa mbili na dakika kumi usiku. "Unatakiwa kufika mbele ya Kamati ya Makosa ya Mitihani kesho saa tatu kamili asubuhi. Usikose." Naanza na hilo ili msomaji ajue mapema kwamba anayesimulia hakuwa mpita njia. Nilikuwa karani wa kamati ile, muhtasari niliuandika mimi, na sehemu ya mambo yaliyoharibika iliharibikia mkononi mwangu.

Kisa kimetokea Iringa, katika chuo kikuu ambacho sitakitaja. Mji huu una vyuo vikuu kadhaa na sitaki kimoja wapo kibebeshwe mzigo usio wake. Watu nao nimewabadilishia vitu viwili vitatu ili wasitambulike. Ninachochambua ni miezi michache katika kazi ya mwanamke mmoja, mwanasheria, aliyekuwa Katibu wa Baraza la Chuo, chombo cha juu kabisa cha uamuzi chuoni. Hapa nitamwita Katibu. Ofisini tulimwita Mama, isipokuwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye alimwita Wakili kila alipokuwa amekasirika.

Kilichotokea

Mwanafunzi alikuwa wa mwaka wa tatu, anasomea ualimu, na mtihani ulikuwa wa takwimu, wa mwisho kabisa kwake. Msimamizi alimwona anainama mara mbili, akamsogelea, akakuta chini ya kitabu cha majibu kipande cha karatasi chenye fomula zilizoandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi ndogo kama punje za ulezi. Akajaza fomu, akaambatanisha kipande kile. Binti akaruhusiwa kumaliza mtihani, akarudi hosteli, kesho yake akapanda basi kwenda kwao Makete, mkoani Njombe. Hiyo ilikuwa Julai.

Kamati ilikutana Agosti, tena kwa kukurupuka. Mwenyekiti alikuwa na safari ya Dodoma siku ya Alhamisi, wajumbe wawili walikuwa wanaingia likizo. Jumanne jioni, nimeshavaa koti niende nyumbani, nikaambiwa niwaite wanafunzi wote sita wenye kesi muhula ule waje Jumatano. Barua sita usiku ule zingepelekwa na nani? Nikatuma ujumbe. Watano walikuwa mjini. Wa sita alijibu saa mbili na dakika arobaini: "Sawa mwalimu, ila mimi nipo nyumbani Makete, sijui nitafikaje."

Asubuhi nilimweleza mwenyekiti kwa mdomo. Bila kuinua macho akasema, "Andika hakuhudhuria." Nikaandika. Halafu, bila kuagizwa na mtu, nikaongeza maneno mawili ambayo yamo katika karibu kila muhtasari niliowahi kuandika, mahali palepale: "bila taarifa." Vidole vilijiandikia vyenyewe. Nasema hivyo si kwa kujitetea, ila ndivyo uongo wa ofisini unavyozaliwa mara nyingi. Mtu hakai chini kuutunga. Anaukuta umo kwenye mfano wa mwaka jana aliounakili.

Kesi yake haikufika dakika kumi. Seneti, chombo cha chuo kinachosimamia taaluma, ikapitisha uamuzi Septemba pamoja na matokeo mengine, barua ikatoka: ameondolewa masomoni kwa kuingia na maandishi yasiyoruhusiwa kwenye chumba cha mtihani. Mahafali yalikuwa Novemba.

Alikotoka Katibu

Ili uelewe alichokifanya baadaye, lazima ujue alijifunzia kazi wapi. Ni mtu wa Rungwe, amesoma Loleza pale Mbeya, akaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuchukua shahada ya sheria. Alimaliza kabla Shule ya Sheria kwa Vitendo haijaanza kupokea watu mwaka 2008, kwa hiyo alipita njia ya zamani ya mafunzo ya kazini chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Akapangiwa Mbeya kuwa Wakili wa Serikali, akaendesha mashtaka kwa miaka kumi na moja. Mwaka 2018, ofisi ile ilipogawanywa na kuzaliwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, watu wengi walipangwa upya. Yeye ndipo alipoondoka, akaja chuoni kama mwanasheria wa chuo, na baada ya miaka miwili akawa Katibu wa Baraza.

Njia hiyo, ya sheria na utumishi wa umma na chuo kikuu kuingiliana, si ngeni kwa wanawake wa nchi hii. Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria tangu miaka ya 1970. Asha-Rose Migiro, aliyezaliwa Songea mwaka 1956, alifundisha sheria Mlimani na kuongoza idara huko, akachukua udaktari Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992, akawa waziri mwaka 2000, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Mambo ya Nje mwaka 2006, akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012, na baadaye Mkuu wa Chuo Kikuu Huria. Tulia Ackson wa Rungwe naye alitoka kufundisha sheria Mlimani, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali mwaka 2015, kisha Naibu Spika, na Spika mwaka 2022. Wasichana wa Loleza wanayajua majina haya.

Lakini nafasi hazilingani, na hapa wengi huchanganya. Mkuu wa Chuo ni kiti cha heshima. Ndiye anayetunuku shahada siku ya mahafali na joho lake. Mtendaji ni Makamu Mkuu wa Chuo. Katibu wa Baraza si huyu wala yule. Hapigi kura. Anaandaa ajenda, anatunza lakiri, anaandika muhtasari, anashauri sheria inasemaje. Nguvu yake yote imo kwenye karatasi anayoipeleka mbele ya wajumbe: ameweka nini aya ya kwanza, ameacha nini, amependekeza nini mwishoni. Baraza lenye wajumbe kutoka mbali, wanaofika usiku na kusoma makabrasha kitandani nyumba ya wageni, mara nyingi huamua kile ambacho karatasi imeshaamua.

Kuna kesi moja ya Mbeya aliyokuwa akituhadithia wakati wa chai. Alimshtaki mtu kwa mauaji, ushahidi umekaa sawa, maelezo ya onyo, yale mshtakiwa aliyoyatoa polisi, yamepokelewa kama kielelezo. Yalipopokelewa hayakusomwa kwa sauti mbele ya mshtakiwa. Kila mtu mahakamani alikuwa amechoka, ni saa tisa mchana. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba nyaraka ikishapokelewa lazima isomwe, mshtakiwa asikie kilichomo. Wakaiondoa kwenye kumbukumbu, na bila hiyo kesi haikubaki na miguu. Mtu akaenda zake. "Nilimwona stendi ya Mwanjelwa miezi miwili baadaye," alikuwa akisema, "ananunua ndizi. Akanisalimia vizuri tu."

Viazi

Rufaa ililetwa na mama wa binti, kwa mkono, mwanzoni mwa Oktoba. Alifika na kitenge mabegani, sweta juu yake, viatu vya raba vimeshika udongo mweusi wa Ukinga, huko huko Makete, na kijana wa bodaboda nyuma yake kabeba nusu gunia la viazi mviringo.

Katibu alitoka kumpokea koridoni. Hakumwingiza ofisini. Akainama kidogo: "Shikamoo, mama." Yule mama akashtuka, kwa sababu alikuja amejiandaa kuamkia yeye. "Marahaba, mwanangu." Wakasemezana habari za safari, mvua, baridi. Kisha Katibu akapokea barua, akanipa nipige muhuri wa masjala na tarehe mbele yao wote wawili, akamrudishia nakala.

"Na hivi ni vya kwako," mama akasema, akionyesha gunia.

"Mama, nashukuru kutoka moyoni. Lakini mkono huu umeshika barua ya mwanao. Hauwezi kushika na viazi."

Kwa mtu wa kule, kukataa chakula alichobeba mzee kutoka shambani ni tusi, hata ukilipamba vipi. Yule mama alinyamaza, akaaga, akaondoka. Jioni nikakuta gunia kwenye kibanda cha walinzi. Alikuwa ameliacha hapo, na walinzi walikuwa wameshachemsha sufuria ya kwanza. Nilicheka. Katibu hakucheka. Aliniamuru niandike dokezo palepale: saa ngapi, nani alileta, nani alikataa, viazi viko wapi, nani amekula. Mimi, mtu mzima na diploma yangu, nikaorodhesha majina ya walinzi watatu waliokula viazi. Nilidhani ameanza kuzeeka.

Wiki mbili baadaye habari ilikuwa imeenea hadi kantini: Katibu kahongwa na watu wa Makete. Dokezo lile, lenye tarehe na namba ya folio, ndilo lililoizima. Chuo kile hakikuwa cha serikali. Aliyoyafanya yalikuwa mazoea ya mtu aliyezoea kuishi chini ya maadili ya utumishi wa umma.

Alichokikuta nyuma ya karatasi

Barua ya rufaa ilikuwa ya Kiswahili, ukurasa mmoja wa daftari, na hoja yake ilikuwa moja tu: mwanangu hakuitwa kwa wakati. Haikusema hana kosa. Mimi hilo sikulitilia maanani. Katibu alilipigia mstari kwa penseli.

Akaniita na kuomba vitu vitatu: muhtasari, simu yangu, na kielelezo.

Muhtasari aliusoma, akafika kwenye "bila taarifa." Akanyoosha mkono. Nikampa simu. Aliusoma ujumbe wangu, akausoma wa binti, akausoma tena muhtasari. Hakunifokea. Alisema tu, "Hii tutaichapisha." Tukapiga picha ya kioo cha simu, tukaichapa, nikasaini pembeni kwamba ni ya simu yangu. Jasho la kwapa nalikumbuka mpaka leo, na ilikuwa siku ya baridi.

Kielelezo kilikuwa kwenye droo ya mkuu wa idara, isiyo na kufuli, kimebanwa kwa pini kwenye fomu ya msimamizi tangu Julai. Katibu alikishika kwenye kingo kwa vidole viwili. Upande wa fomula aliutazama kidogo. Halafu akafanya jambo ambalo msimamizi, mkuu wa idara, kamati nzima, Seneti na mimi hatukulifanya kwa miezi mitatu. Alikigeuza.

Ilikuwa tiketi ya basi. Tiketi zile za kuandikwa kwa mkono, zenye nembo iliyofifia. Jina la abiria: la binti, majina yote matatu. Kutoka: Makete. Kwenda: Iringa. Tarehe ilikuwa siku chache kabla ya mtihani. Muda wa kuripoti: saa 11:30 alfajiri.

Tulitazamana. Kwa muda wote ule ushahidi wa chuo ulikuwa neno la msimamizi dhidi ya neno la mwanafunzi ambaye hakuwepo, na kumbe karatasi yenyewe ilikuwa na jina lake. Nikasema, "Mama, basi kesi imeisha." Yeye alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Basi linalotaka abiria saa kumi na moja na nusu alfajiri huondoka mapambazuko; lishuke Njombe, lipite Makambako na Mafinga, liingie Iringa mchana. Akapiga simu stendi ya Makete kuuliza kama kuna la mapema zaidi. Hakuna. Aliyeitwa saa mbili usiku kule asingeweza kuwa Iringa saa tatu asubuhi hata kama angelala stendi. Tiketi iliyomtia hatiani ndiyo hiyo hiyo iliyothibitisha kwamba hakupewa nafasi ya kusikilizwa.

Katika mambo yote ya kisa hiki, hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo. Katibu ni mtumishi wa Baraza. Ameona kitu kinachoimarisha sana uamuzi wa chuo. Akikiandika kwenye karatasi, wajumbe watasema wa kusikilizwa nini tena, jina lake hili hapa, na rufaa itatupwa. Lakini hapo Baraza litakuwa limemhukumu kwa ushahidi mpya ambao hajawahi kuuona, kosa lilelile la kamati likirudiwa ngazi ya juu. Akikificha, anamficha mwajiri wake, na siku kikigundulika hata mtoto atasema ni kwa sababu ya viazi.

Tuliitia tiketi kwenye bahasha. Tukafunga kwa gundi, tukasaini wote wawili juu ya mfuniko, tarehe na saa. Kwenye karatasi ya Baraza aliandika aya ambayo nimeikariri: "Upande wa pili wa kielelezo una taarifa ambayo haikuwekwa mbele ya Kamati wala mbele ya mwanafunzi. Taarifa hiyo si kwa manufaa ya mwanafunzi. Nashauri Baraza lisiisome leo." Hapo juu alikuwa amenukuu Katiba, ibara ya 13(6)(a), "haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu," haki ambayo ibara hiyo inaipa uzito mbele ya mahakama na mbele ya chombo kingine chochote kinachoamua haki za mtu. Akakumbusha kwamba Mahakama Kuu haipendi kuingilia alama za mwanafunzi, lakini utaratibu ukivunjwa huingilia, na mlalamikaji ana miezi sita ya kuomba kibali. Halafu aya ya saa za basi.

Na moja zaidi. Kanuni za mitihani zilisema mwanafunzi ataitwa "kwa muda unaofaa," bila kutaja siku. Katibu akaandika: "Kanuni hii niliiandaa mimi nikiwa mwanasheria wa chuo. Maneno haya yana kasoro, na kasoro ni yangu."

Siku ya Baraza

Mkutano ulikuwa mapema Novemba. Nilikuwa nimekaa ukutani na mafaili.

Mjumbe mmoja, ofisa elimu mstaafu, mtu mwema kabisa, alifungua mjadala. "Mama Katibu ana huruma ya mzazi na tunaiheshimu. Lakini tukianza hivi, kila aliyekamatwa na desa atakuja na mama yake."

"Mheshimiwa Mwenyekiti, sijaandika popote kwamba mwanafunzi huyu hana hatia. Naomba mjumbe anionyeshe aya."

Zikasikika kurasa zikifunuliwa. Aya haikupatikana.

Neno huruma lilirudi mara nne asubuhi ile, nilihesabu. Katika ofisi hiyo hiyo nimefanya kazi na mwanasheria mwanaume aliyerudisha mikataba na mashauri kwa sababu ya sahihi iliyokosekana, na sifa yake ilikuwa "yule ni mkali wa sheria." Huyu amefanya kitu kilekile, tena akiwa na tiketi yenye jina la mtuhumiwa mkononi, akaitwa mwenye huruma. Ningekuwa sikuiona tiketi, na mimi ningeamini.

Makamu Mkuu hakuzungumzia huruma. Alisema jambo moja, taratibu: "Bahasha hii, Wakili, mimi naiona leo."

Ilikuwa kweli. Mtendaji mkuu wa chuo alikuwa anajifunza mbele ya waajiri wake kwamba ofisi iliyo milango miwili kutoka kwake imeshika ushahidi kwa wiki kadhaa bila kumwambia. Katibu alijibu kwamba Makamu Mkuu ndiye mwenyekiti wa Seneti, Seneti ndiyo iliyokatiwa rufaa, na mkata rufaa hawezi kuonyeshwa kidogo kuliko anayejibu rufaa. Ni jibu sahihi. Uso wa Makamu Mkuu ulibaki vilevile.

Mjumbe mwingine aliichukua bahasha mezani, akainyanyua kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Chumba kikanyamaza. Unaweza kusoma tiketi ya karatasi nyepesi kupitia bahasha ya kaki? Sijui. Mwenyekiti alisema, "Mzee, iweke chini," na akaiweka.

Walitengua uamuzi kwa wingi wa kura, si kwa kauli moja. Shauri likarudi kusikilizwa upya na wajumbe wapya, mwanafunzi aitwe kwa barua, siku saba za kazi, aruhusiwe kuja na mtu wa serikali ya wanafunzi. Mimi nikaondolewa ukarani. Nilipewa barua ya onyo, na nilistahili.

Kusomwa kwa sauti

Niliingia kwenye kikao cha pili kama shahidi, kuthibitisha sahihi yangu kwenye bahasha na ujumbe kwenye simu. Kwa hiyo niliona.

Mwenyekiti mpya alimuuliza binti anataka lugha gani. Mashtaka yalikuwa kwa Kiingereza, kama kila kitu cha chuo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Kamati ya chuo si mahakama, lakini Katibu alikuwa ameshauri aulizwe. Akasema Kiswahili, na mabega yakashuka kidogo.

Bahasha ikakaguliwa, ikafunguliwa mbele yake. Akapewa kipande, akaambiwa akisome kwa sauti, pande zote mbili. Nikajua mara moja ushauri huo umetoka wapi: saa tisa mchana, Mbeya, kesi ya mauaji.

Fomula hazisomeki kwa sauti kirahisi. Alijikwaa, akarudia, akataja alama na herufi mojamoja. Akageuza. "Jina la abiria," akasoma, akaacha.

Hakuna aliyemharakisha. Nje kunguru walikuwa wanatembea juu ya bati.

"Ni yangu," akasema. "Niliandika nikiwa kwenye basi. Nilitaka kukariri tu. Sikuitupa."

"Uliitumia?"

"Swali la pili. La kwanza nililijua."

Mkono ulioshika tiketi ulikuwa hautetemeki hata kidogo, nami hilo lilinishangaza. Pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu Julai mtu amemuuliza swali.

Adhabu ikawa ileile. Kanuni ilikuwa na adhabu moja tu kwa anayekutwa na maandishi, ametumia au hajatumia, amekiri au amekana: kuondolewa masomoni. Wajumbe wawili walitaka kumsimamisha mwaka mmoja kwa sababu alikiri. Hawakupata mahali pa kusimamia. Hili ndilo kosa kubwa la Katibu, kubwa kuliko lile la "muda unaofaa," na halikuwa kwenye karatasi ya Baraza kwa sababu hakuliona mpaka siku ile. Alimpigania binti asikilizwe kwa ukamilifu mbele ya watu ambao yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, aliwaachia kitu kimoja tu cha kuamua. Kanuni mpya aliyoiandaa kabla ya kuondoka ina ngazi tatu za adhabu.

Chuoni wengi waliuliza: sasa zahama yote ile ilikuwa ya nini? Jibu la wazi ni kwamba hapakuwa na kesi mahakamani, na kama ingekuwepo isingeshinda. Binti hakukata rufaa tena. Alikuja na mama yake kuchukua godoro na sanduku. Mama akapita masjala akanisalimia, hakuuliza viazi viliishia wapi.

Ninapotofautiana naye

Mawili. La kwanza, aliyeandika kanuni yenye kasoro asingekuwa yeye wa kulishauri Baraza kuhusu kasoro hiyo. Angeomba wakili wa nje aandike ushauri, yeye akabaki na kazi ya ukatibu. Kukiri kwenye karatasi ni uungwana, lakini hakumwondoi mtu kwenye kiti chenye maslahi. Nilimwambia hilo. Alisema chuo kilikuwa na wiki tatu na hakikuwa na fedha ya wakili wa nje, nami najua bajeti ile, ni kweli.

La pili ni la Makamu Mkuu. Nafasi ya Naibu Makamu Mkuu, Utawala, ilikuwa wazi mwaka ule, na jina la Katibu ndilo lililokuwa midomoni mwa watu. Alipewa mwingine. Hakuna aliyeandika sababu, ila kila mtu alijua bahasha ile ilikaa milango miwili kwa wiki kadhaa. Mkataba wake ulipoisha hakuuhuisha. Amerudi Mbeya, anafanya uwakili wa kujitegemea na kufundisha kwa vipindi.

Nilimpigia mwezi uliopita nikiwa naandika haya, kumwomba ruhusa. Mvua ilikuwa inapiga bati upande wake mpaka tukawa tunapayukiana. Nikamwambia kwamba hata sasa naona angemdokeza Makamu Mkuu, angalau asubuhi ile kabla ya kikao, kwa heshima tu.

"Ungekuwa wewe ndiye Makamu Mkuu," akauliza, "nikakuonyesha bahasha, ungesema nini?"

Nilifikiri. Nikamwambia ukweli: ningesema aifungue.

"Haya," akasema. "Watoto hawajambo?"